Besi iliyopewa mdomo: sonata sita za Rossini wa miaka 12

Niseme mapema ili asiye na muda aishie hapa na aende zake: rekodi ya sonata (vipande vya muziki wa vyombo bila mwimbaji) sita za Rossini, mtunzi wa Italia, waliyoipiga Elizabeth Wallfisch na wenzake watatu kwa kampuni ya Hyperion ya Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni ya kuwa nayo. Naipa nyota nne na nusu. Hiyo nusu iliyokatwa si kosa la wapigaji, ni la mtunzi, na mtunzi mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka 12, kwa hiyo tusimkalie kooni.

Zamani kuipata kulikuwa na kazi yake. Hyperion hawakuwa wakiweka muziki wao kwenye programu za kusikilizia. Ulikuwa ununue diski, au uingie kwenye tovuti yao ununue faili kwa kadi, na huku kwetu si kila mwenye hamu ana kadi. Mwaka 2023 kampuni ikanunuliwa na Universal, na mwaka huohuo albamu zao zikaanza kuingia mtandaoni kwa mafungu. Mie ninayo diski yenyewe. Niliachiwa na mwalimu wa kujitolea aliyekuja kutufundisha kushika upinde, akaondoka na upinde wake akaniachia diski, na sijui kati yetu nani alifaidi zaidi.

Wapigaji ni wanne. Fidla ya kwanza Elizabeth Wallfisch, fidla ya pili Marshall Marcus, chelo Richard Tunnicliffe, dabalbesi, yaani besi kubwa ya kusimama, Chi-chi Nwanoku. Viola, ile ndugu ya fidla yenye umbo kubwa kidogo na sauti ya chini kidogo, hakuna. Msomaji aliyezoea muziki wa vyumbani wa Ulaya, ule wa wapigaji wachache, hapo atashtuka kidogo, maana utaratibu uliozoeleka tangu enzi za Haydn, mtunzi wa Austria, ni fidla mbili, viola na chelo. Besi haialikwi. Hata kwenye okestra kubwa ya zama zile, besi ilikuwa mara nyingi inafuata yale yale ya chelo, noti kwa noti, oktava moja chini, kazi yake kunenepesha tu.

Nami ni mpiga besi. Napiga taarab hapa Unguja, kwa hiyo jueni nasikiliza kutoka upande gani. Besi ya taarab tunaidonoa kwa vidole zaidi kuliko kuipitishia upinde, tunashikana na ngoma, mwimbaji akipotea sisi ndio tunaomrudisha nyumbani. Watu wakija kutunza, pesa zinakwenda kwa mwimbaji, zikizidi kwa mpiga fidla, mara mojamoja kwa mzee wa kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kudonoa. Kuna hoteli moja mjini ambayo kila tukienda kupiga, lazima atokee mtu wa kuniomba nisogee nyuma ya nguzo, ati besi inawaziba wageni wasione bahari. Basi mtu wa namna hiyo akiambiwa kuna muziki wa 1804 ambao besi ndiyo mgeni wa heshima, hawezi kukaa kitako.

Gioachino Rossini alizaliwa Pesaro, Italia, tarehe 29 Februari 1792. Baba yake Giuseppe alikuwa mpiga tarumbeta wa mji, na kwenye kumbi za opera akipiga pembe. Mama yake Anna, binti wa mwoka mikate, akawa mwimbaji wa jukwaani. Zilikuwa nyakati za majeshi ya Napoleon kuingia na kutoka, baba akashabikia waziwazi upande wa Wafaransa, kibao kilipogeuka akatiwa ndani. Mtoto akakulia nyuma ya mapazia. Mwaka 1802 wakahamia Lugo, na huko akapata bahati ambayo watoto wengi wa wapiga tarumbeta hawakuipata: ndugu wawili makasisi, akina Malerbi, wakamfundisha, na nyumbani kwao kulikuwa na maandishi ya muziki wa Haydn na Mozart. Ukiisikiliza hii rekodi na huku unajua hilo, utamsikia Haydn anachungulia dirishani kila baada ya dakika chache.

Ilipofika 1804 alikuwa na miaka 12, ingawa tarehe yake ya kuzaliwa ilikuwa imemtokea mara mbili tu, 1796 na 1804, kwa sababu mwaka 1800 haukuwa mwaka mrefu. Mwaka huo akaenda kukaa Conventello, karibu na Ravenna, kwenye nyumba ya shamba ya Agostino Triossi. Triossi alikuwa mtu mwenye nafasi yake, anapenda muziki, na chombo chake, tahadhari, kilikuwa dabalbesi. Hakuwa mpigaji wa kulipwa, alipiga kwa raha zake. Nyumbani walikuwapo pia akina Morini, binamu zake, mmoja na fidla, mwingine na chelo. Fidla ya pili akashika mtoto mgeni. Hivyo ndivyo viola ilivyokosekana: mle ndani hapakuwa na mtu wa kuipiga, ila palikuwa na mwenye nyumba na besi yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule mtoto akaandika sonata sita, kila moja yenye sehemu tatu, ya haraka, ya polepole, ya haraka tena, na katika zote akampa mwenye nyumba maneno ya kusema. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mzee mwenye jina kubwa, Rossini aliandika maelezo kwenye nakala yake ya mkono. Humo anaziita sonata sita za kuchukiza. Anasema alizitunga katika umri wa kitoto kabisa, kabla hajapata hata somo moja la kanuni za upatanifu, zote zikatungwa na kunakiliwa kwa siku tatu, kisha zikapigwa kama mbwa: Triossi kwenye besi, Morini fidla ya kwanza, nduguye chelo, na yeye mwenyewe fidla ya pili, ambaye kusema ule ukweli ndiye aliyekuwa mbwa wa afadhali.

Mimi habari ya siku tatu sibishani nayo wala siiapii. Wazee wa muziki wote ndivyo walivyo, kila wimbo mzuri waliutunga njiani wakiwa wamesimama. Lakini hilo neno la kuchukiza silikubali, na rekodi hii ndiyo ushahidi wangu.

Anayetaka kuonja kabla ya kula aanze na sonata ya tatu, ile ya C meja, na aende moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho. Ni wimbo mmoja mfupi, mwepesi, wa kuimbika hata na mtu anayefua, halafu unageuzwageuzwa. Kila mpigaji anapewa zamu ya kuuchukua na kuupamba kwa namna yake huku wenzake wakimpisha. Inakuja zamu ya besi. Na hapa yule mtoto hakumpa bwana Triossi noti tatu za heshima halafu akamwambia asante. Kampa kazi.

Wasiopiga besi niwaeleze kazi yenyewe ilivyo. Kwenye fidla, mkono wa kushoto ukitulia mahali pamoja, vidole vinne vinafika noti nyingi bila kiganja kuhama. Kwenye besi, huku juu karibu na kichwa cha chombo, kutoka kidole cha shahada mpaka kidole cha mwisho unapata hatua moja nzima tu ya ngazi, basi. Noti ya pili yake uhame uzi, au mkono mzima uteremke. Kwa hiyo mstari ambao mpiga fidla anaupita bila hata kufikiri, mpiga besi anateleza juu na chini ya shingo ya chombo, na kila anapotua lazima atue penyewe, maana hakuna alama ya kumwelekeza. Halafu kuna upinde. Uzi wa besi ni mrefu na mnene, haukubali kusema papo hapo; ukiugusa kwa woga unakohoa kwanza ndipo utoe sauti. Lazima uung'ate mapema kidogo kabla ya wakati wake ili sauti ifike kwa wakati wake. Na hawa wa kwenye rekodi wanapiga vyombo vya namna ya zama zile, vyenye nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo ni nzito za kuamka kuliko nyuzi zetu za chuma.

Sasa msikilize Nwanoku katika zamu hiyo. Unasikia nywele za upinde zikiukamata uzi, mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila noti, ule ambao mafundi wa studio wengi hupenda kuufuta. Hapa wameuacha. Hakimbii ili aonekane mwepesi, wala haombi radhi kwa unene wa chombo chake. Anapiga kama mtu mzito anayejua kucheza dansi, na wenzake wanamzunguka kwa mguso mdogo wa vidole bila kumfunika. Kile kichekesho alichokikusudia mtoto wa miaka 12, kwamba mwenye nyumba mkubwa mwenye chombo kikubwa atapewa vinoti vya haraka kama vya fidla, kinafika wazi kabisa, na bado si dhihaka. Ni mapenzi.

Niliwachezea wenzangu kipande hicho wakati wa mapumziko ya mazoezi, kwa spika ya kikundi. Mzee wetu wa kanuni, ambaye muziki wa kizungu kwa kawaida humfanya aangalie saa, akainua kichwa.

"Mwanangu, huyu mtoto kakaa kwa huyo bwana siku ngapi?"

"Yeye anasema kazitunga zote kwa siku tatu, mzee."

"Basi chakula kakilipa."

Kuhusu Nwanoku niongeze machache, kwa kuwa jina lake halifahamiki sana huku na inafaa lifahamike. Baba yake Mnigeria, mama yake wa Ireland, mwenyewe kazaliwa London. Alikuwa mkimbiaji wa mita 100 mpaka jeraha la goti lilipomtoa uwanjani akiwa na miaka 18, ndipo akaanza besi. Fikiria, 18, umri ambao watu wanaambiwa wameshachelewa. Akaja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Orchestra of the Age of Enlightenment, okestra ya Uingereza ya vyombo vya zama za kale, na kuongoza besi zake kwa miaka mingi, na mwaka 2015 akaanzisha Chineke!, okestra ya Uingereza iliyojaa wapigaji weusi na wa asili nyingine zisizozoeleka kwenye majukwaa yale. Rekodi yetu ni ya miaka mingi kabla ya hayo. Lakini mimi nikiangalia jina lake kwenye jalada, la mwisho katika orodha ya wanne kama ilivyo desturi ya besi, nacheka peke yangu, kwa sababu katika sonata hizi mtu wa mwisho kwenye orodha ndiye aliyefanya muziki uandikwe.

Niwarudishe kwa Rossini. Kwa nini vitu hivi havikujulikana? Sehemu ya jibu ni kwamba jamaa aligeuka kuwa mfalme wa opera. Opera 39 katika muda usiofika miaka 20, *Il barbiere di Siviglia* mwaka 1816, *Guillaume Tell* 1829, kisha akiwa na miaka 37 akaacha kabisa kuandika opera, akaishi karibu miaka 40 mingine, na watu wakabaki kusimulia habari za tumbo lake na mapishi yake. Mtu wa namna hiyo nani atauliza alifanya nini akiwa mtoto? Mozart habari zake tunasimuliwa tangu anaota meno: sonata zake za kwanza zilichapwa Paris 1764, ana miaka minane, na baba yake alihakikisha dunia nzima imejua. Mendelssohn naye, mtunzi wa Ujerumani, kile kipande chake cha vyombo vinane vya nyuzi cha mwaka 1825, akiwa na miaka 16, kinapigwa kila mahali. Rossini hakuwa na wa kumpigia debe utotoni, na alipokua, mpiga debe mwenyewe akasema kazi ni za kuchukiza.

Sehemu nyingine ya jibu inaniuma zaidi. Katika miaka ya 1820, wachapaji Ricordi wa Milano walichapa sonata tano kati ya hizo sita, lakini zikiwa zimebadilishwa ziingie kwenye umbo linalouzika: fidla mbili, viola, chelo. Besi ikatupwa nje. Na ile ambayo haikuchapwa kabisa ni ipi? Ya tatu! Ile yenye zamu ya besi. Mtu mwingine akazigeuza kuwa za filimbi na vyombo vingine vya kupuliza. Watu wakazipiga hivyo kwa zaidi ya miaka 100, wakiamini ndizo zenyewe. Nguo ya kuazima, wahenga walishasema haisitiri nini. Nakala ya asili ilikuja kujulikana Washington, kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 1954 ndipo sonata zote sita zikachapwa Pesaro katika umbo zilimozaliwa. Bwana Triossi akarudishiwa kiti chake, muda mrefu baada ya kufa.

Ukisikiliza zile zilizogeuzwa kuwa za viola halafu ukasikiliza hizi, utaona kilichopotea si uzito wa chini peke yake. Chelo ndiyo inayoumia. Besi ikiwapo kushika chini, chelo iko huru kupanda juu na kuimba sauti ya mwanamume kijana, na mtoto huyu, ambaye mama yake alikuwa mwimbaji, alijua kuitumia nafasi hiyo. Tunnicliffe anaimba kwelikweli kwenye zile sehemu za polepole. Ukimwondoa besi, chelo inarudishwa jikoni kushika msingi, na viola inapewa wimbo ambao haukuandikwa kwa koo lake.

Sehemu ya polepole ya sonata ya tatu, iliyo kwenye C maina, ni mahali pengine pa kusimama. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtoto huyu atakuwa mtu wa jukwaa. Fidla ya kwanza inaingia kama mwanamke anayelalamika bila kupandisha sauti, na wale watatu chini yake wanatembea taratibu. Wallfisch hatikisi kidole kila noti kwa mtetemo kama wapigaji wengi wa leo. Anaiacha noti inyooke, halafu mahali pamoja tu anaitetemesha, na unaihisi shingoni. Sisi wa fidla za taarab, na hapa nawasemea wenzangu, tunajua utamu wa noti inayoachwa inyooke kwanza.

Sonata ya sita ndiyo inayopendwa zaidi na wengi, kwa sababu sehemu yake ya mwisho imepewa jina: Tempesta, tufani. Fidla zinavuruga upepo, chini kunanguruma. Rossini alikuja kuandika tufani nyingine maishani mwake, iko katika *Il barbiere*, iko katika *La Cenerentola*, iko ile kubwa kwenye ufunguzi wa *Guillaume Tell*, na hii ya vyombo vinne ndiyo bibi yao. Wapigaji hawa hawaifanyi kubwa kuliko ilivyo. Ni tufani ya watu wanne sebuleni, na raha yake iko hapohapo: unaweza kumtambua kila mmoja anafanya nini ndani ya vurugu. Ile nguvu ya besi kuuma kwa upinde, niliyoisema juu, hapa inatumika kwa kutisha. Mie hiyo napiga sauti juu mpaka jirani agonge.

Haya, na nusu nyota iliyokatwa. Sonata ya nne na ya tano ni nzuri, zimevaa vizuri, zina adabu, na ukizimaliza hukumbuki kitu. Sio kwamba zina makosa. Ni kwamba mtoto alishagundua njia inayofanya kazi akaipita tena. Na ile tabia yake ya kumaliza: anafika mwisho, anafunga mlango, anaufungua, anaufunga tena kuhakikisha, kisha mara ya tatu. Alipokua, tabia hiyohiyo akaigeuza kuwa silaha, ule mtindo wake wa kurudia kifungu kimoja huku sauti ikipandishwa kidogo kidogo mpaka ukumbi mzima unasimama. Huku bado ni mazoea tu. Fidla ya kwanza nayo imependelewa mno. Kwa sonata zote sita Wallfisch ndiye anayekimbia kimbia, na kuna mahali ukisikiliza mfululizo unachoka na ule wembamba wa juu. Dawa yake rahisi: usizisikilize zote kwa mkupuo. Mbili kwa jioni moja zinatosha, ya tatu na ya sita, au ya kwanza na ya tatu. Hata Triossi nadhani alikuwa anapumzika kunywa kitu.

Jingine ni la kifaa, si la rekodi. Usisikilize hii kwa spika ya simu. Uzi wa chini kabisa wa dabalbesi ya kawaida unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakifiki huko hata kidogo. Utakachosikia ni mwangwi wa juu wa besi, wenyewe hamna, na utarudi hapa kuniuliza hiyo besi ninayoisifia iko wapi. Tumia vipokea sauti vya masikioni vya maana, au spika yenye kifua. Nyuzi za utumbo hazipigi kelele, kwa hiyo anayesikiliza ndani ya daladala pia asijisumbue.

Je, kuna nyingine za kulinganisha? Ziko. Salvatore Accardo alizirekodi kwa Philips katika miaka ya 1970 pamoja na Sylvie Gazeau, Alain Meunier, na kwenye besi Franco Petracchi, ambaye kwa sisi wapiga besi ni jina la kutamkwa umesimama. Ile ina jua zaidi, inang'aa, fidla inaimba kwa kifua wazi, na besi ya Petracchi ni laini mpaka unasahau kwamba ni besi. Kwangu hilo la mwisho ni sifa na lawama kwa pamoja. Anayependa muziki ulionyooshwa vizuri aanze na hiyo, hatajuta. Mimi nataka kusikia mbao na utumbo, kwa hiyo nabaki na hawa wa Hyperion.

Ziko pia zile za okestra nzima ya nyuzi, ya Neville Marriner na Academy of St Martin in the Fields ndiyo maarufu, hata Herbert von Karajan alizigusa baadhi na Wajerumani wake wa Berlin. Zinapendeza kama muziki wa kupokelea wageni. Ila pale ambapo bwana mmoja alipaswa kutokwa jasho na besi yake, wanakuwa watu kadhaa wanapiga kwa pamoja, na kichekesho kinakufa. Utani unasimuliwa na mtu mmoja. Kamati ikiusimulia unakuwa tangazo.

Nani asiichukue? Anayemtafuta Rossini wa kelele na vicheko vya *Il barbiere*, hapa atamwona mjukuu anayefanana naye tu. Na mtu wa taarab asiyependa kitu kisicho na maneno, ambaye hata bashraf huwa anasubiri iishe mwimbaji apande, atapata tabu. Wengine wote, hasa walimu wa muziki wenye wanafunzi wa nyuzi wasio na mtu wa viola, hii ni yenu. Maandishi yanapatikana, na fidla ya pili si ngumu sana; kumbukeni iliandikwa na aliyeipiga, na alijihurumia.

Atakayemaliza sita hizi na kutaka zaidi kutoka kwa mtu huyuhuyu kwa chombo hikihiki, iko duwe, kipande cha wapigaji wawili, ya chelo na besi, D meja, ya mwaka 1824, alipokuwa London, mji aliokuwa akiishi Domenico Dragonetti, bingwa wa besi wa enzi hizo. Nayo ililala kwenye makaratasi mpaka mwisho wa miaka ya 1960. Sehemu ya besi nimeshaipata na nimeanza kuipitia polepole. Ninayemtafuta sasa ni mpiga chelo mwenye subira, hapa Unguja au anayeweza kuvuka kutoka Dar, na kwenye mazoezi hakutakuwa na nguzo.